Jogoo wa Awasi

Migosi, Kisumu

Baba yangu mpenzi,

Assalaamu alaykum, na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umeshatoka msikitini, umekaa barazani na kahawa yako, na lile goti halikusumbui. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaougua upweke, Baba, sitakuficha.

Huko Vanga sikuwahi kujiuliza mimi ni Mwislamu wa namna gani. Adhana iliniamsha, Mama akanihimiza, nikafuata watu. Hapa naamshwa na kengele ya kanisa. Ijumaa nakwenda msikiti wa mjini, tukishatoa salamu kila mtu anarudi kwake. Kwenye nyumba hizi za kupanga ninakoshonea hakuna anayelijua jina langu. "Mwislamu, nipunguzie hii suruali." "Mwislamu, maji imekuja." Si kwa ubaya, lakini mtu huchoka kuitwa kwa dini yake, hasa akiwa anaibeba peke yake.

Juzi Mama Atieno, jirani wa mlango wa pili, alifiwa na kaka yake, tukaenda kumzika kwao Awasi. Ng'ombe akachinjwa, watu wakala. Mimi nikaomba chai tu.

"Mbona hukuli?" Mama Atieno akaniuliza.

"Nimeshiba, Mama."

"Wacha uongo. Mtu hawezi kuja matanga yetu arudi na njaa."

Akaleta jogoo mwekundu na kisu. "Hii ni yako. Chinja na maneno yenu, tutakupikia kwa sufuria ingine."

Baba, wajua sijapata kuchinja hata njiwa. Kazi yangu miaka yote ilikuwa kushika miguu. Kisu ni chako. Na wazee wa boma wamenikodolea macho, naona haya kusema siwezi. Nikauliza kaskazini ni wapi, wakanyoosha vidole, kila mmoja kwake! Nikakisia kibla kwa jua. Kisha nikageuka kumtafuta wa kunishikia, kama unavyonitafuta wewe, nisimwone mtu. Nilitamani kulia.

Mama Atieno akachutama, uso umemvimba kwa kilio, akashika miguu na mbawa. "Chinja basi. Nimeshika."

Nikasema Bismillahi, Allahu Akbar, na nadhani sauti ilikuwa yako. Kisu kikapita vizuri.

Tulikula pamoja, yeye paja, mimi kidari. Katikati ya kula akaniuliza, "Kwani jina yako nani?"

"Swalehe," nikamjibu. "Swalehe bin Omari." Tangu nije huku sikuwa nimelitaja jina lako kwa sauti.

Nisalimie Mama, na shangazi wa mahamri, na mdogo wangu Zuhura. Mwambie gauni lake nalishona.

Idd nikijaliwa kuja, niache nishike miguu kama zamani. Kisu nimekishika mara moja tu, Baba, na ndipo nilipojua jinsi nilivyo mbali nawe.

Mwanao,
Swalehe