Mkanda wa Tano

Voi,
Jumapili, 10 Desemba 1978

Dada mpendwa Lois,

Salamu nyingi zikufikie huko Kitale, wewe na shemeji na watoto. Barua yako ya mwezi wa kumi niliipata pamoja na ile picha. Huyo mdogo amechukua paji la uso la Baba kabisa. Mama aliishika ile picha, halafu akaenda kuiweka ndani ya Biblia. Natumaini baridi imepungua na mgongo wa shemeji umepata nafuu. Sisi huku Taita tunasukuma siku. Mvua ilinyesha mara tatu ikakata. Mama anaumwa na magoti, lakini bado anateremka shambani mwenyewe na hataki kuambiwa kitu. Mimi mwili ni mzima. Nimechoka tu, Dada, uchovu wa aina ambayo usingizi hauondoi.

Uliniuliza mara mbili habari za Alexander, na mara mbili nikakuandikia habari za mahindi. Leo nitakujibu. Najua ni haki yako, kwa sababu Mama mdogo alipofariki na Alexander akaletwa kwetu Ronge, ni wewe uliyembeba mgongoni mpaka akajua kutembea.

Mama alikuandikia kwamba tairi la pikapu ya shamba la mkonge lilipasuka Alexander akiwa kazini. Hivyo ndivyo tulivyomwambia Mama. Ukweli ni kwamba hakuna tairi lililopasuka, na hakuwa kazini. Alikuwa anashindana.

Nianze na picha moja ya sinema. Unajua kwamba siku za kazi mimi ni karani wa mizigo pale stesheni, na Jumapili alasiri naendesha mashine ya sinema ukumbini. Mwezi wa pili tuliletewa picha ya vijana wawili wanaoshindana kwa magari, mmoja ana gari la kijivu lililojaa viraka, mwingine ana jeupe. Wanatoka mji wa bara wakielekea baharini, siku nne njiani. Hakuna vita ndani yake, hakuna nyimbo, na wenyewe hata hawazungumzi sana. Jumapili ya kwanza nilidhani watu watalala. Badala yake, Jumapili ya pili walisimama hata milangoni, na mablanketi tuliyotundika madirishani kuzuia jua yakaanguka kwa kusukumwa.

Nimefikiria sana ni nini kiliwashika. Nchi ile ilifanana na yetu, vumbi jekundu na miiba na reli kando ya barabara. Lakini nadhani kubwa zaidi ni kwamba yule dereva wa gari la kijivu anaondoka asubuhi na hakuna mtu anayemuuliza anakwenda wapi. Huku kwetu, Dada, huwezi kushuka kisimani bila kuulizwa na watu watano. Wanaume waliokata mkonge wiki nzima wakihesabiwa na nyapara, na wale wa reli ambao hata kengele huwaambia saa ya kula, walikaa pale gizani wakimtazama mtu ambaye haulizwi. Walitoka wakitembea kama yeye, kiwiko nje, midomo imefungwa.

Picha ile ilikuwa na mikanda mitano, lakini watu waliona minne. Wa nne unaishia magari yote mawili yakiteremka kilima, na bahari inaonekana kwa mbali. Niliwaambia kwamba wa tano haukuletwa kutoka Nairobi. Basi kila mtu akajitungia mwisho wake. Hotelini kwa Mbula watu walibishana mpaka chai ikapoa. Alexander alisema gari la kijivu lilishinda, kwa sababu dereva wake hapunguzi mwendo kwenye kona. Kituku, yule Mkamba mwenye teksi ya Datsun, alisema ni jeupe. Alexander aliiona picha ile mara kumi na saba. Penina, mke wake, aliniambia kwamba nyumbani hasemi tena, akiulizwa jambo anatazama mbele tu kama aliyeshika usukani. Nilicheka. Nilimwambia itapita.

Mwezi wa nane, hapo kwa Mbula, wakakubaliana kumaliza ubishi kwa barabara ya Mwatate, Jumapili saa kumi. Sikuwazuia. Nilifunga ukumbi mapema nikaenda kusimama kando ya barabara na wengine, kama tunavyosimama wakati wa Safari Rally. Vumbi lilipita mbele yetu, Alexander akiwa mbele, na nilipiga makofi, Dada. Baadaye kidogo tuliona Datsun ikirudi polepole na taa zimewaka mchana. Pikapu ilikuwa imekosa kona, ikabingirika mara tatu. Kituku alimtoa peke yake akamlaza kiti cha nyuma. Alikuwa analia njia nzima, huku anamwita Alexander ndugu yangu, ndugu yangu.

Mguu wa kulia ulikatwa juu ya goti. Kazi ya shamba imekwisha, na nyumba ya shamba pia, kwa hiyo Penina amehamia Ronge kwetu na watoto wawili. Ndiye anayelima, ndiye anayeteka maji, ndiye anayemwinua mumewe. Kila wiki Kituku anawaletea kuni kwa teksi yake, anazishusha mlangoni na kuondoka bila kuketi.

Sasa nifike pale ninapoogopa kufika. Hospitalini nilimtembelea Alexander kila Jumamosi, na kila Jumamosi neno lake la kwanza lilikuwa lile lile: “Thadeus, mkanda wa mwisho haujafika?” Hakuuliza habari za mguu. Alitaka kujua ni nani alishinda.

Dada, mkanda wa tano ulifika siku ile ile na ile mingine. Uko chini ya kitanda changu ninapoandika. Niliutazama peke yangu siku nilipoipokea picha. Dereva wa gari la kijivu anakaribia bahari, yuko mbele, halafu anasimamisha gari. Anazima. Anatoka, anakaa kando ya barabara na mama mmoja anayeuza mikate, anakula, lile jeupe linapita. Mwisho anapanda basi kurudi kwa mke wake. Basi. Nilikasirika. Niliona ni mwisho wa mtu mwoga, watu wataguna na kusahau. Kwa hiyo niliuficha, nikasema haukuja. Halafu nikapenda jinsi walivyonisimamisha njiani kuniuliza kama umefika. Mimi, karani wa mizigo, nikawa mtu wa kuulizwa. Nilipenda hivyo kwa miezi sita, mpaka siku ya kona.

Jana nilipanda Ronge nikamweleza Alexander yote, mwisho wa picha na uongo wangu. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Akaniuliza, alipozima gari, alikuwa mbele? Nikasema ndiyo, alikuwa mbele. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu mwezi wa nane. “Basi alishinda,” akasema, akageukia ukutani.

Nilidhani yamekwisha. Lakini Penina alikuwa mlangoni anapukuchua mahindi, na alikuwa amesikia. Hakupaza sauti. Alisema, “Kwa hivyo kulikuwa na mwanamume aliyerudi nyumbani, na wewe ukamficha.”

Pengine Alexander angeuona mkanda ule na bado angekwenda barabarani. Pengine angekwenda nyumbani. Ni mimi niliyefanya tusijue. Nilichukua jembe nikalima kipande cha Penina mpaka jua likashuka, na hakuniambia niache wala hakuniletea maji. Jumamosi ijayo nitapanda tena, na inayofuata.

Mama bado hajui. Nitamwambia mwenyewe kabla ya Krismasi, usimwandikie wewe habari hizi. Ukipata likizo njoo, hata kwa siku mbili, Alexander anakutaja. Watoto uwabusu, shemeji umsalimie kwa heshima, na majirani wote wanaotujua. Ukiona huwezi kunijibu kwa sasa nitaelewa, ila usiache kumwandikia Mama.

Ni mimi mdogo wako,
Thadeus