Maji ya Nyumba ya Bulyaga

Bulyaga, Tukuyu
Jumapili, baada ya Adhuhuri

Kwako wifi yangu Suad,

Assalaam alaykum. Naomba Mungu barua hii ikukute na afya, wewe na wote unaoishi nao huko Tunduru. Kile kifua kilichokusumbua kwa baridi ya huku, nadhani joto la kwenu limekipa nafuu. Huku mvua haijakatika na ukungu unashuka mpaka barazani. Mama yupo, miguu inamuuma, ila bado anasali kwa kusimama. Najua ni miaka kumi na moja sijakuandikia. Namba yako ya simu nilishapewa, lakini kwenye simu ningekatisha maneno. Una haki ya kuichana karatasi hii. Nakuomba tu uifikishe mwisho kwanza.

Kaka Tamimu alioa tena, nadhani ulisikia. Mkewe anaitwa Saada, mtu mpole. Mimba yake ya kwanza ilitoka kama zilivyotoka zako. Kisha akazaliwa Zubery. Sasa ana miaka minne, na maneno anayoyajua hayafiki ishirini. Tumbo humsokota mpaka anajikunja, na rangi imempauka. Tulimpa dawa za minyoo, tukamsomea, haikusaidia kitu. Mwezi wa tatu daktari mmoja, Jairo, alimtoa damu ikapelekwa mbali kupimwa. Majibu yaliporudi hakuuliza habari za chakula. Aliuliza nyumba yetu ilijengwa lini, na maji yanaingia kwa bomba gani.

Unakumbuka nyumba ilijengwa na Wazungu enzi za mkoloni, na marehemu baba aliinunua mwaka mmoja tu kabla ya harusi yenu, mimi nikiwa bado shule ya bweni. Bomba lake hakuna aliyewahi kuliona.

Jumanne iliyopita Kaka alimwita Meshaki, fundi bomba wa kule Suma. Akaanza kuchimba kutoka kwenye mita ya maji kuelekea jikoni. Bomba la barabarani lilikuwa la plastiki, jipya. Baada ya mita likaja la zamani, la kijivu, limepindapinda kama mzizi. Alilikwangua kwa kisu likang'aa kama fedha. Akatuambia hilo si chuma, ni risasi, ile ile ya kwenye betri za gari, na akauliza nani alikuwa akinywa maji yake. Mama alijibu kwamba ni sisi sote, lakini tulikuwa tunayachemsha. Meshaki akasema kwa upole, “Mama, moto unaua vijidudu. Risasi hauiondoi.”

Daktari naye alitueleza kuwa maji mabaya kuliko yote ni yale yaliyolala ndani ya bomba usiku kucha, yanayotoka asubuhi mara ya kwanza. Hapo nilikukumbuka wewe. Uliyekuwa ukiamka kabla ya Alfajiri ni wewe, na mimba ilipokuchafua moyo, kikombe kile cha kwanza ndicho kilichokutuliza. Nilimuuliza kama risasi inaweza kutoa mimba. Akasema inaweza. Hawezi kuapa juu ya mtu ambaye hakumpima, ila kuharibika kwa mimba tatu katika nyumba ile hakumshangazi. Tatu, wifi. Na sisi tulikuita mwenye mkosi.

Jumatano mtaro ulifika nyuma ya jiko, penye migomba. Jembe la Meshaki likagonga kopo la maziwa ya unga lililoshika kutu. Ndani mlikuwa na sweta ndogo ya kijani na soksi zake, zimefungwa kwenye nailoni. Mama alikuwa amesimama palepale. Aliikung'uta ile sweta, akaigeuza huku na huku, kisha akaketi kwenye udongo uliolowa. Akaniuliza, “Amna, si uliniambia ni hirizi?”

Sasa nimefika ninakokwepa tangu mstari wa kwanza. Ni mimi niliyesema. Nilijua ni nguo za mtoto. Uliniambia mwenyewe kuwa huwezi kuziweka ndani wala kumpa mtu. Nilikushikia kopo ukafunga kifuniko. Lakini wiki mbili baadaye ulimwambia Kaka habari zangu na Baraka, naye akanikataza kutoka nje. Ulinitakia mema, Baraka alikuwa na mke Mbeya. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na hasira tele. Mama aliponiuliza ulizika nini pale, nikasema hirizi, nimeiona kwa macho yangu. Nilidhani atakugombeza tu. Ijumaa sanduku lako likawa barazani na talaka umeshapewa. Ulisema ni nguo, mkafukue muone; wote waliogopa kufukua. Ukanitazama mimi, ukingoja niseme. Nikatazama miguu yangu.

Jumatano niliyasema hayo yote mbele yao, mtaroni. Kaka aliweka sepetu chini akatoka getini, na hakurudi mpaka Magharibi. Nilimshika Mama miguu. Akaniambia, “Usituombe radhi sisi. Mwandikie mwenyewe.”

Bomba la zamani limeng'olewa lote, na la plastiki limeunganishwa mpaka jikoni. Maji ni mazuri. Zubery anatibiwa, ila Daktari Jairo ametuambia tusitegemee kuwa kila alichokipoteza kitarudi. Nimesikia umekataa wachumba wawili, ukisema hutaki kuzika tena. Nakuomba uende hospitali kubwa upimwe damu, uwaambie ulikunywa maji ya bomba la risasi miaka minne. Kasoro haikuwa yako. Ningalisema ukweli siku ile mlangoni, pengine tungalitafuta sababu nyingine, ukaijua mapema, na pengine Saada naye asingalipitia aliyopitia.

Sweta Mama ameifua kwa mkono wake, hakutaka nimsaidie. Anauliza uletewe huko au irudishwe ardhini. Uamuzi ni wako, sisi hatuigusi tena.

Saada anakusalimu ingawa hamjaonana. Mama anakusalimu, na analia. Kaka anajua ninaandika. Amepita mlangoni mara mbili akaendelea na njia yake, nami salamu zake siwezi kukutungia.

Ni mimi,
Amna, niliyekuwa wifi yako