Kikohozi Kwenye Mashine ya Unga

Jumatatu, 3 Juni 1996

Nimeamka saa kumi na moja alfajiri. Kurasa mbili kabla ya shule. Sura ya tisa inakwenda polepole. Ni sura ya gerezani, na mkono unakuwa mzito. Mchapishaji wa Dar ameandika tena, anataka riwaya nzima kabla ya mwisho wa Julai. Mama wa taipu pale Mpanda mjini amekubali kuipiga. Wiki ijayo niombe kibali cha kutoka makazini, maana sisi wakimbizi hatutoki bila karatasi.

Darasa la sita, hesabu za sehemu. Nusu ya watoto hawapo. Wako nyumbani wanachambua tumbaku na wazazi wao.

Jioni nimepeleka mahindi mashineni. Foleni ndefu. Wakazima injini kubadilisha mkanda, pakawa kimya, na mtu akakohoa nyuma yangu. Mara mbili fupi, mara moja ndefu, kisha akasafisha koo.

Nimeacha debe pale pale, nimeondoka. Mke wangu Speransia ameniuliza unga uko wapi. Nimesema foleni.

Jumanne, 4 Juni

Sikugeuka, kwa hiyo sura sikuiona. Labda si yeye. Mashineni kuna vumbi, kila mtu anakohoa.

Kule nyumbani ng'ambo ya ziwa, gerezani, tulimwita Kikohozi. Jina lake halisi hatukulijua. Alikohoa hivyo hivyo kabla ya kuingiza ufunguo mlangoni. Miaka minne. Ukisikia kikohozi hicho, unajua ni wewe au ni jirani yako.

Yeye ndiye aliyekuta maandishi yangu. Nilikuwa naandika kwa penseli kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Alinilazimisha niyachome, ukurasa mmoja mmoja, chini ya sufuria yake ya chai, na mimi ndiye niliyepuliza moto. Yeye ndiye aliyemtoa Filipo asubuhi moja. Filipo alikuwa mwalimu mwenzangu, rafiki yangu. Hakurudi.

Leo sikuandika riwaya. Mstari mmoja tu, nikaufuta.

Alhamisi, 6 Juni

Ni yeye.

Nimemwona kwa Damiani seremala, anaranda mbao. Amekonda, kichwa kimejaa mvi, shati la kuazima. Watu wanasema ni shemeji yake Damiani, amevuka ziwa mwezi uliopita kukimbia vita. Anaitwa Mathayo. Kule alikuwa mwashi, wanasema. Hana karatasi. Wapya wote wanatakiwa waende kambi za Kigoma, lakini Damiani anamficha.

Naogopa nini? Hana bunduki, hana ufunguo. Mimi ni mwalimu hapa, mwaka wa tisa sasa. Mwanangu Dansila kazaliwa hapa, anaongea Kiswahili cha hapa. Yote haya nayajua. Bado nimerudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Na kuna Mama Filipo. Nyumba ya tatu kutoka kwangu. Kila Krismasi ananiita, ananipa ndizi, halafu ananiuliza swali lile lile. Mwanangu, nani alimchukua Filipo? Alimpeleka wapi? Kila mwaka namjibu sikuona. Niliona. Nilikuwa nimelala ubavuni kwake. Mlango ulipofunguka na wakamwita Filipo, nilifurahi kwamba si mimi. Kitu hicho sijamwambia mtu yeyote, hata Speransia. Hata kwenye riwaya hakimo.

Ijumaa, 7 Juni

Nimempiga mtoto fimbo darasani bila kosa. Aibu.

Jumapili, 9 Juni

Kanisani alikaa benchi la nyuma na familia ya Damiani. Akakohoa katikati ya sala. Nilikojoa kidogo. Mwanamume wa miaka arobaini na mitatu, mwenye suruali ya Jumapili. Naandika ili nisijidanganye baadaye kwamba nilikuwa shujaa.

Mama Filipo alikuwa mbele yake, benchi linalofuata. Waligeukiana kupeana amani. Nimeona mkono wa mama yule ndani ya mkono wa mtu yule.

Jumanne, 11 Juni

Amekuja shuleni.

Saa ya mapumziko. Alisimama mlangoni mwa darasa, kofia mkononi. Hakuingia mpaka nimkaribishe. Nilimkaribisha! Mdomo ulisema wenyewe. Anataka barua kwa Mkuu wa Makazi, aruhusiwe kukaa hapa kwa shemeji yake. Kuandika hajui vizuri. Watu wamemwambia mwalimu Leonidasi ndiye anayeandikia watu wote.

Kweli, ni mimi. Nimeandika barua za makazi haya yote. Za ndoa, za mashamba, za misiba.

Nikachukua karatasi. Nikauliza jina. Nikauliza alifanya kazi gani kule.

"Mwashi," akasema.

Nikaandika mwashi.

"Una miaka mingapi kwenye uashi?"

"Mingi, Mwalimu. Tangu ujana."

Nikaandika. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida, namshukuru Mungu kwa hilo. Alikaa kwenye dawati la mtoto, magoti yamepanda hadi kifuani, akitazama kalamu. Alitazama kalamu muda wote. Mwisho akapiga dole gumba. Chini yake nikaandika jina langu kuwa mimi ndiye mwandishi wa barua, kama ilivyo kawaida. Akashukuru kwa mikono miwili, akatoka, na huko uwanjani akakohoa.

Sasa nimesaini uongo wake. Ofisi ikijua, nimepotea. Nimepotea na kazi, na kibali, na riwaya.

Ajabu ni kwamba barua yenyewe ni nzuri. Nimeiandika vizuri mno.

Alhamisi, 13 Juni

Nimemwambia Speransia. Si yote. Alikuwa anapepeta maharage, akaendelea kupepeta muda mrefu bila kuniangalia.

"Baba Dansila, funga mdomo," akasema. "Vijana wakijua watamuua. Wakishamuua, serikali itauliza nani alisema. Watatusomba sisi wote."

Yuko sahihi. Mwezi wa nne walimpiga mwizi wa baiskeli sokoni hadi akafa, na mpaka leo hakuna aliyekiri.

Nimeficha daftari za riwaya ndani ya gunia la mbegu. Kisha nimezitoa. Kisha nimezirudisha.

Jumamosi, 15 Juni

Nilikuwa shambani peke yangu, nang'oa mashina ya tumbaku. Nikasikia kikohozi kwenye njia. Nilishika jembe. Sijui ningefanya nini nalo.

Akasimama mbali, hatua kumi hivi. Akasema hajapeleka barua.

"Unaandika kwa mkono wa kushoto," akasema. "Kule alikuwepo mmoja tu. Nilikutambua Jumanne, ulipoanza neno la kwanza."

Kisha akauliza, "Utasema?"

Ndipo nikaona mikono yake. Ilikuwa inatetemeka kuliko yangu. Siku zote hizi nimekuwa nikimkimbia mtu anayenikimbia mimi. Haikunipa faraja. Mtu mwenye hofu ndiye anayeua.

Nikamuuliza Filipo yuko wapi. Swali limetoka kabla sijalipanga, na kwa sauti ya mtoto.

Akachuchumaa. Akasema Filipo alipelekwa kuhojiwa, akarudishwa hajitambui, akafa mchana ule ule kwenye chumba cha stoo. Si yeye aliyempiga, alisema. Yeye alimpeleka na akamrudisha. Yeye na mfungwa mwingine ndio waliomzika. Akaeleza mahali.

Nilimwambia aondoke. Akaondoka bila kugeuka. Nimekaa kwenye matuta mpaka Dansila alipokuja kuniita nile.

Namchukia. Ningependa kuandika kitu kikubwa kuliko hicho. Hakuna.

Jumatatu, 17 Juni

Limetokea.

Mfanyabiashara wa samaki kutoka mwambao wa ziwa, mmoja wa watu wetu, alipita kwa Damiani kuagiza sanduku. Akamwona. Akasema huyu si mwashi, huyu alikuwa askari wa gereza. Mpaka saa nane mchana kijiji kizima kilikuwa kwenye ghala la tumbaku. Vijana wamekuja na fimbo na minyororo ya baiskeli. Wamemkalisha chini katikati. Shati limechanika. Damiani analia.

Mwenyekiti, Mzee Ezekieli, aliwazuia kwa mikono. Kisha akanitafuta kwa macho.

"Mwalimu. Wewe ndiye uliyefungwa kule. Njoo umwangalie. Unamfahamu?"

Wote wakageuka. Speransia kwenye mlango wa ghala, amembeba Dansila mgongoni ingawa mtoto ni mkubwa. Mama Filipo amekaa kwenye gunia, fimbo yake mapajani.

Nilimwangalia mtu yule. Hakunisihi. Alifumba macho.

"Simfahamu," nikasema.

"Angalia vizuri, Mwalimu."

"Simfahamu huyu."

Manung'uniko. Mfanyabiashara akaapa. Mmoja akarusha jiwe, likampata begani. Lakini Mzee Ezekieli akasema mwalimu amesema, basi, aende kwa shemeji yake, ofisi itaamua. Wakatawanyika kwa hasira, kama watu walionyimwa chakula.

Kesho watu watasema mwalimu ana huruma. Sina. Ningesema ndiyo, wangemuua mbele yangu, na ningekuwa mimi ndiye niliyefungua mlango. Niliogopa. Nimeogopa kule, nimeogopa na hapa. Ni woga ule ule.

Jumatano, 19 Juni

Jana sikutoka. Leo asubuhi nimekwenda kwa Mama Filipo.

Alikuwa anaanika mihogo. Nilipiga magoti kwenye udongo, nikamwambia yote. Kikohozi, barua, shamba, mahali alipozikwa. Nikamwambia na lile la kufurahi. Nilisema kwa Kirundi. Kwa Kiswahili lisingetoka.

Kuku wakaanza kula mihogo. Hakuwafukuza.

"Juzi ulipokana, ulikuwa unatazama chini," akasema. "Nilijua."

"Nisamehe, mama."

Hakusema amenisamehe. Akasema, "Nipeleke."

Nikamwambia watu wakituona watajua, vijana watamuua.

"Wakimuua, nani atanionyesha?"

Tukaenda. Anatembea taratibu, fimbo yake inagonga mawe. Kila mlango tuliopita mtu alitoka kuchungulia. Mgongo wangu ulikuwa umelowa jasho, na ni Juni, baridi. Kwa Damiani mke wake alitaka kufunga mlango. Mama Filipo akauzuia kwa fimbo, bila kelele.

Mathayo alikuwa kwenye maranda ya mbao, bega limevimba. Alipoambiwa huyu ni mama wa Filipo, alitaka kulala kifudifudi. Mama akamkataza.

"Kaa. Sema."

Akasema. Alimwambia aliyoniambia mimi, na zaidi. Kwamba Filipo aliomba maji na akapewa. Kwamba walimzika na blanketi. Nyuma ya bustani ya mboga ya gereza, ng'ambo ya mfereji, kichwa kuelekea mlimani. Alichora kwenye vumbi la mbao kwa kidole. Mama akainama karibu sana na mchoro, maana macho yake hayaoni vizuri.

"Ulimpiga?"

"Sikumpiga, mama. Nilimpeleka."

"Ulijua unampeleka wapi?"

Kikohozi kikamshika, kirefu. Alipomaliza akasema, "Nilijua."

Nilidhani atampiga na fimbo. Nadhani na yeye alidhani. Mama akanigeukia mimi.

"Ile barua yake ichane. Mwandikie nyingine, ya kweli."

Kwenye meza ya seremala nimeandika. Kazi yake halisi. Jina la gereza. Siku ile, kwa kadiri anavyoikumbuka. Mfereji, bustani, mlima. Mama akasema niandike vizuri, atakayeisoma siku moja ni mgeni. Mathayo akapiga dole gumba. Barua ya uongo tumeichoma kwenye jiko la gundi. Ile ya kweli ameichukua mama, ameifunga kwenye pindo la kitenge.

Njiani kurudi hakunishika mkono kama anavyofanya siku zote. Alitembea mbele.

Ijumaa, 21 Juni

Lori la ofisi limemchukua Mathayo. Alikwenda mwenyewe jana kwa Mkuu wa Makazi akasema hana karatasi. Anapelekwa Kigoma, kambini, pamoja na wengine saba. Vijana walisimama barabarani na mikono mitupu. Hakuna aliyerusha kitu. Kabla lori halijaondoka, Mzee Ezekieli alinisogelea.

"Ulimfahamu," akasema.

"Nilimfahamu."

Akatikisa kichwa, akaenda zake. Sijui kama nitaitwa tena kwenye mkutano wowote.

Huko Kigoma kuna watu wengi wa kwetu. Atatambuliwa tena. Nimejikuta nikiliwaza hilo, na sikujua nalitaka au siogopi tu kwa sababu litatokea mbali.

Jumapili, 23 Juni

Matanga kwa Mama Filipo. Miaka kumi na tatu hakuwahi kuweka matanga. Alikataa kila mwaka. Leo wamefunga turubai, wanawake wamepika maharage na ugali, mwalimu wa dini amesoma zaburi. Watu wamekuja hadi kutoka Sitalike.

Mgeni mmoja aliuliza marehemu amefariki lini.

"Jumatano," Mama Filipo akasema.

Hakuna aliyemsahihisha.

Nilikaa na wanaume upande wenye kivuli. Wengine waliniamkia, wengine hawakuniamkia. Speransia alikuwa jikoni na wenzake. Baada ya chakula mama alinipitia, akaweka sahani ya maharage mbele yangu, akaenda kuhudumia wengine. Nimekula yote.

Nimerudi nyumbani saa tisa, nimelala mchana, usingizi mzito. Dansila ameniamsha na chai.