Mazishi ya Uvira kwenye simu zetu

Yaya Zaina,

Kalemie kuna joto, samaki migebuka watamu na enjiniya mumoja wa bure kabisa. Jana sisi tuliokimbia vita tulikusanyika kutazama mazishi kule Uvira ya mutoto wa Mama Feza, mwenzetu hapa. Enjiniya akaunganisha simu zetu zote zipokee picha kwenye yake peke yake.

“Papa, tuziache zipokezane picha,” nikamuambia.

“Mama, hapa si jikoni.”

Jeneza likishuka, simu yake ikazimika, na zetu zote zikapoteza picha. Nikaanza upya na yangu, kila simu ikipokea kwa jirani zake wawili. Picha ikarudi, tukaona udongo tu. Enjiniya anasema eti njo ziwa linaharibu rezo, mtandao wa simu!

Mama Feza angali ameshika simu yangu, ndiyo maana nakuandikia kadi. Nawakumbatia wewe na watoto.

Mudogo wako, Riziki