Risala Niliyomsomea Sadala

Kwedizinga, Handeni
12 Julai 1975

Mpendwa dada Mashavu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto hapo Magoma, na kwamba miguu ya mama imepungua kuvimba. Mimi sijambo, ila usingizi ndio sina. Ndizi ulizompa kondakta zilifika, mbili tatu zimepondeka, nashukuru sana.

Umeuliza kama Sadala alikuja. Alikuja Saba Saba na Landrova tatu, tumbo limemtangulia. Siku hizi ni Mheshimiwa Waziri, na ukimwita Sadala watu wanakutazama kama umetukana. Mimi nilimwona yule yule karani wa mizani, aliyekuwa akiinua magunia yetu ya pamba kwa goti ili yapungue uzito. Kutoka hapo akawa katibu wa tawi la chama, kwa sifa mbili tu, sauti na baiskeli.

Unakumbuka mwaka wa sitini na tano alipogombea ubunge? Mwenzake alipewa alama ya jembe, yeye nyumba. Alilala kwetu siku nne, akila bada ya mama, ule ugali wa muhogo, na kumwita mama mzazi. Mama naye akazunguka vitongoji vyote kwa miguu akiwaambia wanawake waweke alama kwenye nyumba. Akashinda. Akapata unaibu waziri, kisha uwaziri, na kwetu hakukanyaga tena mpaka mwaka jana, alipokuja kusimamia watu wahamie kijiji kipya. Mtu aliyechaguliwa kwa nyumba akasimama chini ya mwavuli akitazama mgambo wakiezua paa la mama! Mama alimwita kwa jina. Akageuka, akauliza huyo bibi ni nani. Paa ningeweza kulisahau, dada. Kwa swali lile namchukia mpaka leo.

Ndiyo maana nilifurahi kamati ya kijiji iliponichagua mimi mwalimu niandike risala ya kumkaribisha. Nawe ukaniletea agizo la mama, kwamba hataki nyumba wala fidia, anataka tu nimuulize Sadala mbele ya watu kama sasa anamjua yule bibi ni nani. Nikaandika kurasa mbili, kila kitu nikakitaja, hadi bada. Mwenyekiti, mzee Mdoe, alizisoma zote, akanirudishia. Akasema nitawaponza wote, niandike nyingine ya kupigiwa makofi. Nikaiandika ili kumtuliza tu. Siku yenyewe nilipanda jukwaani na zote mbili, ya mama mfuko wa kulia, ya Mdoe wa kushoto.

Dada, nilitoa ya kushoto.

Hakuna aliyenishika mkono. Sadala alinitazama, akatabasamu, basi nikasikia sauti yangu ikimwita baba wa Handeni. Makofi yalikuwa mengi na, Mungu anisamehe, yalinipendeza. Baadaye akaniita, akasema ofisini kwake Dar es Salaam amekosa mtu wa kumwandikia hotuba zenye utamu kama ule. Nikasema ndiyo Mheshimiwa kabla hajamaliza. Naondoka Jumatatu. Hakuniuliza mimi ni mtoto wa nani, nami sikumwambia.

Mama atakuuliza, najua. Nakuomba umwambie nilimuuliza, na kwamba Sadala aliinamisha kichwa. Ikiwa ulimi utakuwa mzito, basi msomee barua yote. Ile risala ya mfuko wa kulia nimeitia humu ndani ya bahasha. Haina kosa hata moja, na hakuna aliyeisikia.

Nisalimie shemeji na watoto, na jirani yenu mama Swaumu, mwambie dawa yake ya miguu namshukuru. Mama mpe shikamoo yangu, kama ataipokea.

Ni mimi mdogo wako, nisiye na uso wa kuja kuaga,

Mhina