Panapouma

Jumanne, 14 Mei

Leo kaja msichana wa chuo, miwani kubwa kuliko uso. Anatafiti vita vimetufanya nini sisi wanawake, mwilini na rohoni. Nikamwambia, mjukuu wangu, vita vimekula ujana wetu wote, leo ndiyo mnauliza? Akacheka. Adabu anayo.

Lakini kaletwa na nani? Mwenyekiti wa mtaa! Yule yule mkubwa wa kizuizi cha barabarani wakati wa vita. Aliyewabebesha mabinti risasi mchana, na usiku — basi. Binti yangu alikuwa mmoja wao. Mpaka leo tumbo linamkata, na akisikia sauti ya mwanamume mlangoni anajifungia chumbani. Mwenyekiti yeye kanenepa, shingo imezama mabegani. Ngoja. Nitamtafuna hivyo hivyo na mafuta yake.

Jumatano, 15 Mei

Nimemwambia Miwani: andika jina lake. Hataki! Eti sheria ya utafiti, majina hayaandikwi, ili sisi tulindwe. Sasa hapo aliyelindwa ni nani?

Binti yangu kanisikia. Eti Mama acha, huyo tunaishi naye. Nikamwambia hata kupe tunaishi naye, ila hatumpi kiti. Kanuna.

Ijumaa, 17 Mei

Kikao cha Miwani na sisi akina mama kimefanyika ukumbini. Mwenyekiti kajibwaga mlangoni, shati jeupe pee, mapaja kayatawanya. Miwani kamwomba, "Mzee, tuachie akina mama." Akajibu funguo za ukumbi ni zake. Basi midomo ikawa mizito. Huyu kasema anaumwa malaria, yule uzee. Uzee! Na bado ananyonyesha!

Miwani kabandika ukutani mchoro wa mwili wa mwanamke. Kila mmoja achukue kalamu nyekundu, azungushie panapomuuma. Wakaenda, wote magoti, magoti, kama tumeumwa na sakafu.

Zamu yangu. Nikaupita mchoro. Nikaenda mpaka mlangoni nikamzungushia Mwenyekiti duara kifuani. "Panaponiuma ni hapa."

"We bibi! Shati jipya hili!"

"Na binti yangu alikuwa mpya."

Jina sijataja. Sheria sijavunja. Mara mama muuza mkaa akainuka akaiomba kalamu, naye akaenda mlangoni. Mwenyekiti katoka mbio, kiti chini! Raha niliyoisikia, sijaisikia tangu nizae.

Ila binti yangu, niliyekwenda naye kikaoni, kainamisha kichwa. Njiani katangulia, kaniacha nyuma. Nimemtangaza mbele za watu bila kumuuliza. Na bado sijutii. Ningepata kalamu mbili ningetumia zote.

Jumamosi, 18 Mei

Asubuhi. Anagonga. Mwenyekiti mwenyewe! "Mama, fungua, tuyamalize kiutu uzima." Sauti ya asali. Utu uzima kaujulia wapi?

Naandika huku anagonga. Nataka nimfungulie mimi, nimwone akibembeleza, kisha nimfukuze kama kuku.

Binti yangu katoka chumbani. Kashika mchi. Hatetemeki. Nimemwambia rudi ndani, haya ni yangu.

"Si yako, Mama. Kaa chini."

Mimi, niambiwe kaa chini!

Nimekaa. Analivuta komeo.