Vidole Vinane vya Gogo

Mama, vidole vyako vinaendeleaje?

Mchana huu hapa Greyville nimecheza jazi hadi soli ya kiatu ikabanduka! Anayepiga piano ni bibi wa miaka themanini na mitatu, mwanamke wa kwanza mjini hapa kuongoza bendi ya jazi. Wote wanamwita Gogo, yaani bibi kwa lugha ya huku. Vidole vyake viwili vimekakamaa kama vyako, havikunjiki kabisa. Nikamuuliza anawezaje.

Akacheka. “Eish, mwanangu, noti za hivi viwili nilimwachia mpiga saksofoni. Sasa bendi ni ya nini?”

Basi, Mama, kiondolee kinanda chako kile kitambaa ulichokifunikia. Noti zitakazokushinda, nikirudi nitaziimba mimi.

Mwanao mwenye kiatu kimoja,
Neema